Betri Ndogo Ndani ya Tochi Kubwa

Giza limeingia, ukungu umetanda Mtae au Rangwi, milimani Lushoto, na duka la jirani limeishiwa betri kubwa. Zilizobaki ni zile ndogo za saa ya ukutani. Je, zitawasha tochi yako? Zitawasha, ila kwa masharti.

Soma kwanza ubavuni mwa betri. Kubwa ya tochi na redio huandikwa R20 au D, ya kati R14 au C, ndogo ya saa R6 au AA, na nyembamba ya rimoti R03 au AAA. Zikiwa za kutumia na kutupa, zote nne zina volti 1.5. Volti ni msukumo wa umeme, na taa hutazama huo. Ukubwa wa betri hauongezi msukumo, huongeza akiba iliyomo ndani. Ndiyo maana tochi ya LED itawaka karibu kama kawaida, kisha izime mapema. Ya glopu la zamani hula umeme mwingi, kwa hiyo itafifia upesi zaidi.

Tatizo linalobaki ni umbo. R20 ina urefu wa milimita 61.5, R6 ina 50.5. Tochi ya betri mbili itakuwa na pengo la milimita 22, na umeme hauruki pengo. Viringisha kila betri kwa karatasi kavu au boksi jembamba mpaka isicheze, lakini ncha zote mbili ziachwe wazi. Zipange zikitazama upande uleule kama zile za awali. Kisha kunja foili ya kupikia iwe donge gumu, uliweke nyuma, kwenye springi. Sarafu kadhaa zilizobebana nazo zinafaa. Karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, wanayoipenda wengi, husumbua kwa sababu upande wake mmoja ni karatasi tupu, haipitishi umeme. Kama tochi ni ya bati, hakikisha foili haichomozi pembeni mwa betri za mbele, la sivyo utapiga shoti.

Mwenye tochi ya R14 ana bahati: R6 inakaribia kulingana nayo kwa urefu, hivyo kuviringisha karatasi kunatosha.

Sasa onyo. Kuna betri za kuchaji za lithiamu, kama 18650 inayotoka kwenye tochi za kuchaji, na 14500 iliyo sawa na R6 kwa umbo. Hizo zina volti 3.7, na zikijaa hufika 4.2. Mbili pamoja zitaunguza taa iliyotengenezwa kwa volti 3. Ukiona 3.7V, rudisha mezani.

Na gharama? Piga hesabu ya saa za mwanga. Tuseme kubwa ni shilingi 1,000 na ndogo 500. Kwa betri za aina moja, kubwa hubeba akiba mara tano au zaidi, kwa hiyo ile ya bei nafuu ndiyo ghali. Kwangu mimi, ndogo ni za dharura ya usiku huo. Ukishuka Lushoto mjini, Soni au Mombo, nunua saizi yake.

Usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti. Iliyochoka huvuja na kuitia springi kutu. Baridi ya Juni na Julai nayo hudhoofisha betri, hivyo zibebe mfukoni kabla ya safari. Kuzianika juani hurudisha nguvu kidogo tu, na huharakisha kuvuja.

Zilizokufa usizitupe motoni, zinaweza kupasuka. Wala usizitupe chooni au kwenye bonde la mboga, ambako maji hupita. Ziweke kwenye kopo kavu, mbali na watoto, na uulize ofisi ya kata kama kuna anayezikusanya.