Kilichofichika Si Lazima Kiwe Takataka: Kufundisha Usafishaji wa Mafaili ya Muda

Utangulizi

Mkufunzi anayesimamia mazoezi ya kufundisha katika somo la kompyuta hakosi kuulizwa swali hili: "Mwalimu, mashine imejaa, nasi hatujaweka kitu. Nafasi imekwenda wapi?" Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu kulijibu swali hilo mbele ya darasa, na pia kumtahadharisha juu ya hatari iliyomo katika jibu la haraka.

Ikumbukwe kwamba somo hili bado ni changa katika shule zetu. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na hata baada ya marufuku hiyo kuondolewa, miaka mingi ilipita kabla mashine hizo hazijafika madarasani. Kwa sababu hiyo wengi wetu tulijifunza kwa kukariri: bonyeza hapa, kisha bonyeza pale. Tulivyofundishwa ndivyo tunavyofundisha.

Kosa letu

Kabla ya mazoezi ya kufundisha tuliwapa wanachuo wetu kanuni fupi: onyesha vilivyofichika, kisha futa. Mmoja wao alipangiwa shule ya sekondari huko Kongowe, kando ya Barabara ya Morogoro. Aliombwa kuisafisha kompyuta ya ofisi ya taaluma iliyokuwa imejaa, naye akaifuata kanuni yetu kwa utiifu. Alipomaliza diski ngumu akaigeukia fulashi iliyokuwa imechomekwa. Humo aliiona folda yenye rangi hafifu, dalili ya kitu kilichofichika. Akaifuta.

Folda hiyo ilikuwa na alama za mtihani za kidato cha pili. Haikufichwa na mwalimu. Ilifichwa na virusi vya kompyuta, vile vinavyoficha folda halisi na kuweka njia ya mkato yenye jina lilelile mahali pake. Mwenye fulashi huendelea kuifungua kazi yake kila siku bila kujua. Na kwa kuwa kinachofutwa kwenye fulashi kwa kawaida hakipitii kwenye pipa la taka, hapakuwa na mahali pa kukiokota.

Karatasi za mtihani zilikuwa zimekwisha rudishwa kwa wanafunzi. Ikabidi waombwe kuzileta tena, na wale ambao karatasi zao hazikuonekana walifanya mtihani upya. Mwanachuo yule aliomba radhi mbele ya walimu wote. Sisi tuliompa kanuni ile hatukuwapo.

Chanzo cha kosa

Tulipolichunguza jambo hili tuliona kwamba tulikuwa tumeyafunga mambo mawili katika fundo moja. Kufichika ni jambo moja, na kuwa cha muda ni jambo jingine.

Faili la muda ni lile ambalo programu hujiandikia yenyewe wakati wa kazi. Tunapofungua waraka katika Word, programu huandika kando yake kijifaili kilichofichika, ambacho jina lake huanza kwa alama ~$. Tunapoufunga waraka, kijifaili hicho huondolewa. Lakini umeme ukikatika ghafla programu haipati nafasi ya kusafisha, na masalia hubaki. Katika shule ambayo umeme hukatika mara kwa mara, masalia ya programu mbalimbali hulimbikizana kwa miaka pasipo mtu kuyaona.

Kufichika, kwa upande wake, ni alama tu iliyowekwa juu ya faili au folda ili isionekane katika orodha ya kawaida. Mfumo wa Windows huficha vitu vingi ili mtumiaji asivivuruge, na vingi kati ya hivyo ni vya kudumu.

Hatua za somo

Somo hili huhitaji vipindi viwili. Shabaha yake ni kumwezesha mwanafunzi kueleza kwanza faili ni la namna gani, ndipo alifute.

Hatua ya kwanza: karakana ya seremala. Kipindi cha kwanza hakihitaji kompyuta. Mwalimu aliulize darasa: katika karakana ya seremala, nini hufagiliwa jioni? Watajibu: maranda na vumbi la mbao. Je, kiolezo cha kiti kilichowekwa nyuma ya mlango, mahali ambapo mteja hakioni? Hicho hakifagiliwi. Na maranda yaliyojificha chini ya meza? Hayo hufagiliwa. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba mahali kitu kilipo hapaamui thamani yake.

Hatua ya pili: vyumba vinne. Mwalimu achore ubaoni mraba wenye vyumba vinne na kuwaalika wanafunzi kuvijaza. Mifano ifuatayo yafaa:

1. Kinachoonekana na cha kudumu: maandalio ya masomo ya mwalimu.
2. Kinachoonekana na cha muda: faili la kusakinishia programu ambayo imekwisha sakinishwa.
3. Kilichofichika na cha muda: masalia yaliyo katika folda ya Temp.
4. Kilichofichika na cha kudumu: mafaili ya mfumo, mipangilio ya mtumiaji, na folda iliyofichwa na virusi.

Chumba cha nne ndicho kiini cha somo. Mwalimu asikipite kwa haraka.

Hatua ya tatu: kutazama bila kufuta. Katika kipindi cha pili wanafunzi wafungue orodha ya mafaili, waende penye neno "View" na kuchagua "Hidden items". Katika Windows 11 chaguo hilo limo ndani ya "Show". Vilivyofichika vitajitokeza kwa rangi hafifu. Kila mwanafunzi aandike daftarini majina matano, akitaja chumba cha kila moja na sababu yake. Mwalimu akague madaftari kabla ya kuendelea.

Hatua ya nne: kufuta. Programu zote zifungwe. Ikiwa umeme ulikatika hivi karibuni, Word ifunguliwe kwanza, kwani huenda ikarudisha waraka uliokuwa haujahifadhiwa. Masalia mengine ndiyo akiba ya kazi ya mtu. Kisha wanafunzi wabonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, waandike %temp% na kubonyeza "Enter". Folda ya muda ya mtumiaji itafunguka. Wapange mafaili kwa tarehe, wayaache yale ambayo hayajatimiza juma moja, na kuyafuta ya zamani. Faili likikataa kufutwa kwa kuwa linatumika, waliruke. Pipa la taka limwagwe baada ya siku chache, mashine ikishaonekana kufanya kazi vizuri, kwani nafasi hairudi mpaka pipa litakapomwagwa.

Hatua ya tano: folda zilizofichwa na virusi. Mwalimu aichunguze kwanza fulashi kwa programu ya kuzuia virusi. Baada ya hapo, ikiwa fulashi imepewa herufi E, aandike katika dirisha la amri: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Amri hii huondoa alama ya kuficha, na folda hurudi machoni. Kama shule yetu ya Kongowe ingaliijua amri hii, alama za watoto zingalisalimika.

Ikitokea kitu kimefutwa kwa bahati mbaya, wanafunzi wafundishwe kusimama papo hapo. Kwenye diski ngumu ya kawaida na kwenye fulashi, kufuta aghalabu huondoa kumbukumbu ya mahali faili lilipo, na maandishi yenyewe hubaki mpaka yaandikwe juu yake. Wasipohifadhi kitu kingine humo, fundi aweza kuyarudisha.

Upimaji

Tumeacha kumpima mwanafunzi kwa wingi wa nafasi aliyoirudisha. Sasa tunampa orodha ya mafaili kumi, naye aseme lipi afute, lipi aache, na lipi amwulize mwenyewe kwanza. Jibu la "nitamwuliza mwenyewe" hupata alama kamili pale linapostahili.

Hitimisho

Walimu wenzetu watakaolijaribu somo hili huenda wakaona kwamba vipindi viwili ni vingi kwa kazi ambayo mkono huimaliza kwa dakika mbili. Sisi nasi tulidhani hivyo. Siku hizi kila mwanachuo wetu anayekwenda mazoezini huchukua daftari lenye mraba wa vyumba vinne, na kabla hajagusa kompyuta ya shule humwomba mwenye kazi akae karibu naye.