Rangi ya Taa za Zenoni

Mwenye gari anunuapo taa za zenoni ili aondoe zile za halojeni, hukuta kwenye kisanduku namba 4300, 6000 au 8000 pamoja na herufi K. Wengi hudhani kwamba namba kubwa ndiyo nguvu kubwa. Sivyo. K ni kelvini, kipimo cha joto, na hapa hutaja rangi tu: ni joto ambalo kitu cheusi kingepaswa kufikia ili king'ae kwa rangi hiyo. Kadiri namba ipandavyo, ndivyo weupe ugeukavyo buluu.

Ndani ya balbu hiyo hamna waya uwakao. Umeme huruka baina ya ncha mbili katika gesi ya zenoni, kisha chumvi za metali hugeuka mvuke na kutoa sehemu kubwa ya mwanga. Balbu ya 4300 K ya wati 35 hutoa lumeni zipatazo 3200. Halojeni ya wati 55, kama 1500. Ili kupata buluu, chumvi hubadilishwa, na mwanga hupungua. Isitoshe, buluu huwakera zaidi macho madereva wanaokuja.

Lakini lipo jambo zito kuliko rangi. BMW ilipoanza kutumia zenoni mwaka 1991, taa iliundwa kwa ajili ya balbu hiyo. Kiakisio cha halojeni kimepimwa kufuata mahali waya ulipo. Kikitiwa zenoni, mwanga hupotea njia na kupanda juu, ukampofusha dereva wa upande wa pili. Hapo hata ile ya 4300 K haifai.