Nyundo na pitoni, mpaka leo?

Swali: Siku hizi kuna vifaa vya kuchomeka ufani kwa mkono. Mbona wapanda miamba wengine bado wanabeba pitoni, vile vyuma vya kugongomewa ufani kwa nyundo?

Jibu: Kwa sababu zipo nyufa nyembamba kama ukucha, hazipokei kitu kingine. Barafu ikijaa ufani, vifaa vya kisasa huteleza, pitoni hushika. Halafu ule mlio! Kila pigo sauti inapanda, ting, ting, unajua imekaa. Ikilia kama debe bovu, usiiamini.

Ubaya wake ni makovu. Kule Yosemite, Marekani, John Salathé alifua pitoni za chuma kigumu miaka ya 1940. Kupigwa na kung'olewa mara kwa mara kulitanua nyufa. Mwaka 1972 Yvon Chouinard, muuzaji mkubwa wa pitoni, aliwahimiza wateja waziache. Mfanyabiashara wa namna hiyo ni nadra.