Mlango wa Kiinimacho: Mafunzo ya Sarafu, Njiti na Kiberiti

Jina la mchezo huu limekwisha kuitoa siri yake. Kiini cha jicho ni ile mboni iliyo katikati, na mwenye kucheza kiinimacho hageuzi sarafu wala karata, bali hugeuza jicho la mwenye kumtazama. Sarafu hubaki sarafu, na ipo mahali fulani, illa si pale mtazamaji adhanipo.

Wanavyuoni waliliona jambo hili zamani sana. Imam Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 606 wa Hijria (1210), alipofasiri khabari ya Harut na Marut katika Sura ya Baqara aliigawanya sihiri mafungu manane, na fungu moja akalitia mchezo huu wa kuyachukua macho. Alieleza kuwa jicho lina makosa yake: aliye ndani ya chombo huiona pwani ndiyo inayokwenda na chombo kimetulia. Kila mwana wa pwani aliyepanda jahazi alijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kisha akabainisha ya kuwa mchezaji hodari huzishughulisha fikira za watu kwa jambo moja, na zinapozama humo hufanya jambo la pili kwa haraka, nao wasilione. Na kabla yake Abu Bakr Jassas wa Baghdad, aliyefariki mwaka 370 (981), alinakili kauli ya kwamba fimbo za wachawi wa Firauni zilikuwa na uwazi ndani uliotiwa zaibaki, ikapata moto, zikatikisika, watu wakadhani zimekuwa nyoka. Na katika karne ya saba ya Hijria Abdurrahim al-Jawbari wa Sham aliandika kitabu kizima cha kufichua hila za walaghai wa zama zake. Basi kuzitafuta kunga za wadanganyifu si upuuzi wa watoto, wala si jambo geni katika elimu.

Haja yake huonekana zaidi katika miji ya njiani. Mbalizi ni mji ulio magharibi ya Mbeya katika barabara kuu iendayo Tunduma, na hapo huchipuka njia ya Mkwajuni na Makongolosi, iingiayo nchi ya dhahabu ya Lupa, ambako watu walimiminika katika miaka ya 1920 na 1930. Mkulima wa kahawa wa Mbozi, mchimba dhahabu wa Chunya, mwenye mchele wa Kyela, na mtu wa pwani aliyefuata biashara yake mbali na jamaa zake, wote hupita hapo, fedha kiunoni, na wengi hawajuani. Mahali pa namna hiyo humfaa mno mwenye mkono mwepesi. Naye ni mmoja wa wawili: ama mchezesha karata tatu, achukuaye fedha akaenda zake, ama mganga wa uwongo, achukuaye fedha kisha akaacha fitina nyumbani kwa watu. Huyu wa pili ndiye mwovu zaidi.

Aliyesikia tu kwamba ni hila huweza kudanganyika siku hiyo hiyo. Lakini aliyeifanya hila kwa mikono yake mwenyewe hujua wapi pa kutazama. Kwa hiyo mafunzo haya huanza na mkono.

La kwanza ni sarafu. Mwanafunzi huchukua sarafu ya shilingi 200, akaishika kwa mkono wa kushoto, baina ya kidole gumba na ncha za vidole viwili vya kati, ukingo juu, kiganja kikielekea mbinguni. Mkono wa kulia huja kama wenye kuipokea: gumba hupita chini ya sarafu, vidole vingine hupita juu yake vikaifunika. Wakati huo huo gumba la kushoto hulegea, na sarafu ikaanguka taratibu katika mashina ya vidole vya kushoto, huku mkono wa kulia umekwisha kufumba na kuondoka, mtupu. Mkono wa kushoto huachwa ukishuka wenyewe, vidole vimekunjika kidogo, kama mkono usiokuwa na kazi. Kisha mkono wa kulia hupulizwa, ukafunguliwa, na hamna kitu.

Wengi hulijua hilo na bado hukamatwa, na sababu ni kuwa huutazama mkono ulio na sarafu. Macho ya mchezaji ndiyo mwongozo wa macho ya watu: atazamapo yeye ndipo watazamapo wao. Basi kwanza na aipokee sarafu kwa kweli, mara ishirini au thelathini, mbele ya kioo, aone jinsi mkono wake unavyokwenda ukiwa na kitu na macho yake yanavyoufuata. Baadaye na afanye vile vile bila ya sarafu. Ukweli ukishazoewa na mkono, uwongo hupata mahali pa kujificha.

La pili ni njiti ya kiberiti na leso ya mkono, nalo ni jepesi hata kwa mtoto. Kabla ya watu kukusanyika, njiti moja huingizwa ndani ya upindo wa leso, mahali ushonwapo, isionekane. Mbele ya watu hutolewa njiti ya pili, ikawekwa katikati ya leso, nayo ikakunjwa. Mchezaji humpa mtazamaji aipapase kwa nje na kuivunja mwenyewe, lakini ampayo ni ile ya upindo. Yavunjika, wote wasikia mlio wake. Leso yafunguliwa, na njiti yaanguka nzima. Faida ya mchezo huu ni kumwonyesha mtu kuwa hata mikono yake mwenyewe, si macho peke yake, huweza kutolewa ushahidi wa uwongo. Anayeapa kuwa ameivunja yeye hasemi uwongo, ila hakuivunja hiyo.

La tatu lafaa zaidi kwa mvaa kanzu. Huwekwa viberiti vitatu mezani, vyote vitupu. Cha nne, chenye njiti nusu, hufungwa kwa mpira katika mkono wa kulia juu ya kifundo, ndani ya kanzu. Kiberiti kikiinuliwa kwa mkono wa kulia na kutikiswa, mlio husikika, na kila mtu hudhani kina njiti. Kikiinuliwa kwa mkono wa kushoto, kimya. Basi mchezaji hutikisa kimoja kwa kulia, viwili kwa kushoto, akavizungusha polepole na kumwambia mtazamaji akifuate chenye njiti. Akichagua, hukiinua kwa kushoto: kitupu. Kisha hukiinua kingine kwa kulia: kinalia. Mtazamaji aweza kurudia mara mia asipatie, kwa kuwa atafutacho hakimo mezani.

Aliyekifahamu kiberiti amezifahamu karata tatu. Huko mchezesha hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya mwenziwe. Jicho hudhani ya chini ndiyo itupwayo kwanza, naye huitupa ya juu. Na wale wawili watatu waliosimama karibu, wakipatia na kulipwa kwa furaha, ni wenziwe. Mwenye kudhani kuwa jicho lake ni kali ndiye atafutwaye khasa. Ama kuwa mchezo huo ni kamari na mali yake ni haramu, hilo halihitaji maneno.

Adabu ya mafunzo haya ni moja iliyo kubwa: mchezaji asidai kuwa ana nguvu zisizo za mkono wake, wala asimtishe mtu kwazo. Akiulizwa, na aseme kuwa ni hila. Si lazima aifunue, lakini ni lazima akiri kuwa ipo. Kwani wako wanavyuoni walioukataza mchezo huu kwa kuchelea kuwa mtu wa kawaida atauchanganya na sihiri, na khofu yao ina msingi.

Msingi huo huonekana kwa mganga. Katika nchi za bara na za pwani pia yuko mganga asemaye kuwa ugonjwa wa mtu ni kitu kilichotiwa mwilini na adui: mfupa, nywele, ukucha, kipande cha kaniki. Huchanja, akaweka chuku mahali hapo, akanyonya kwa mdomo na kuziba kwa nta. Kisha hukiinua chuku na kutema kiganjani kitu kile chenye damu. Mgonjwa amekwisha kuona kwa macho yake. Swali lifuatalo ni la nani aliyekitia, na jibu aghlabu ni mtu wa karibu: mke mwenza, shangazi, kikongwe jirani mwenye macho mekundu. Sheria ya Uchawi ilitungwa Tanganyika mwaka 1928, na mwezi wa Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli. Lakini vikongwe waliouawa kwa jina la uchawi hawakurudi.

Na hila yenyewe si zaidi ya ile ya njiti katika upindo. Kitu kilikuwa shavuni mwa mganga kabla hajainama, au katika nta aliyokuwa akiibonyeza kwa kidole, au baina ya vidole kama sarafu ya kwanza. Damu ni ya kweli, jeraha ni la kweli, na kwa sababu hiyo mfupa nao husadikiwa. Kuumika kwenyewe si uwongo. Ni tiba ya kale iliyosuniwa, na mwumishi wa haki hutoa damu tu, wala hataji jina la mtu.

Basi aliyejifunza sarafu kwa kioo, akiwa Mbalizi au Mombasa, na akaitwa kushuhudia ndugu yake akinyonywa mfupa, hana haja ya kubishana. Na aombe kwa upole mambo matatu kabla ya kazi kuanza: mganga asukutue kinywa kwa maji mbele ya watu, akunje mikono ya nguo yake hadi kiwiko, na chuku pamoja na nta vipite mkononi mwa kila aliyehudhuria. Aghlabu hapo ndipo mganga hukumbuka kuwa siku ile si njema kwa kazi hiyo.