Dondoo muhimu: Kurudi darasani ukubwani

Tanzania ina Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi 54, na vya kwanza vilianza 1975. Hupokea hata walioishia njiani shuleni.

Kabla ya kulipa ada, fika chuoni mwenyewe. Ingia karakana, tazama cherehani na mashine za kuchomelea zinazofanya kazi, kisha waulize wanafunzi: mnashika vifaa au mnatazama tu? Jibu lao lina uzito kuliko tangazo lolote.

Uliza pia kozi fupi inatoa cheti gani.

Fundi wa mtaani, usianze upya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima na kurasimisha ujuzi ulio nao.

Binti uliyeacha shule kwa ujauzito, ulizia programu ya Elimu Haina Mwisho katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo kadhaa vina sehemu ya kulelea watoto, kwa hiyo nenda na mwanao.