Lukuchuko na dado za kasino

SWALI: Lukuchuko, kamari ya Wahadzabe wa huku Mang'ola, na dado za kasino, nafasi ya kushinda ni ileile?

JIBU: Hapana, na tofauti yake ni kubwa. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeishi na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, alieleza kuwa wanaume hurusha vipande vya gome la mti vikagonga shina. Kila mchezaji ana chake, na kuna kimoja kikubwa cha wote. Mshindi ni yule ambaye kipande chake, peke yake, kimelala upande uleule na kile kikubwa.

Tuchukulie kila upande una nafasi sawa. Wakicheza wawili, kila mmoja ana robo ya kushinda, na nusu inayobaki ni kurudia. Wakiwa watatu, kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 8. Mara 5 kati ya 8 wanarusha upya. Hakuna anayependelewa.

Kasino je? Dado mbili zina matokeo 36, na jumla ya saba hupatikana kwa njia 6. Malipo ya haki kwa dau la shilingi 1,000 kwenye saba yangekuwa faida ya 5,000, lakini meza ya krapsi, mchezo wa dado wa kasino, kwa kawaida hutoa 4,000. Katika mirusho 36, kwa wastani mchezaji hupoteza 30,000 na kupata 24,000. Elfu sita nzima zinabaki kwa mwenye meza!

Mhadzabe huweka dau mishale ya chuma, visu au shanga, vitu vinavyozunguka kambini. Upinde wake hauweki. Kwenye kasino fedha hazizunguki hivyo. Basi msomaji, kabla ya kuweka dau, uliza kwanza malipo ni mara ngapi.