Kupeleka Chumvi Pwani: Mafunzo Niliyopata Ndani ya Hiace

Nyumba yetu ipo Simbo, karibu na pale barabara ya Ilagala na Kalya inapochepuka kwenda kusini. Mimi nilifundisha miaka 37. Mke wangu alikuwa muuguzi, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Sista, nami pia. Katika miaka hiyo yote, ukijumlisha na likizo, sidhani kama tulifikisha kumi na miwili ya kulala chini ya paa moja. Yeye akipangiwa Kibondo, mimi niko Kasulu. Akihamia Kasulu, mimi nimeshapewa barua ya Uvinza. Tulizoea. Zilikuwa barua, kisha simu, na mwisho wa mwezi basi.

Wazo la gari lilitoka kwa wazee wawili wa Kijerumani, mume na mke, tuliowakuta wamepiga kambi ufukweni Kigoma na lori lenye kitanda, jiko na choo ndani. Walisema kwao wastaafu huingia barabarani majani yanapogeuka mekundu, watu wa likizo wakiwa wamesharudi kazini. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Sista aliuliza swali moja tu: "Kwani sisi majani yetu hayageuki?"

Kilichobaki kwenye kiinua mgongo, baada ya kikokotoo na baada ya kuezeka nyumba, kilinunua Hiace iliyokwisha kuzunguka sana. Seremala wa Ujiji aling'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha futi nne, sanduku chini yake na rafu ya vyombo. Tukaongeza mtungi wa gesi wa kilo 6, madumu mawili ya maji, ndoo na mkeka. Choo hatukuweka.

Njia niliichagua mimi: Ujiji hadi Bagamoyo, njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO pendekezo la njia hiyo, likiwa na vituo sita: Ujiji, Kwihara, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya na Bagamoyo. Nilivichora ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa macho yangu nilikuwa nimeona viwili. Tuliondoka wiki ya mwisho ya Septemba 2024.

1. Ratiba ibaki shuleni

Niliandika ratiba. Saa 12:00 asubuhi chai, 12:45 kuwasha gari, saa 4:00 mapumziko, na kadhalika, nikaibandika juu ya dashibodi. Siku ya kwanza tulikuwa tumechelewa saa mbili kabla hatujaimaliza Ujiji, maana Sista alitaka kukaa chini ya miembe pale kwenye kumbukumbu ya kukutana kwa Livingstone na Stanley. Mwembe wenyewe wa mwaka 1871 ulishakufa. Iliyopo inasemwa ni wazao wake. Nikamweleza kwamba tarehe 10 Novemba aliyoiandika Stanley inabishaniwa, kwa kuwa hesabu za siku zilikuwa zimewapotea wote wawili. Akanitazama. "Kwa hiyo hata wao hawakuwa na ratiba," akasema.

Karatasi ile ilifika Uvinza. Pale tuliitumia kufungia vitunguu.

2. Usishone pazia la bluu

Hili ndilo funzo lenye faida kuliko yote, na kama una haraka soma hili uache mengine.

Sista alishona mapazia ya madirisha kwa kitambaa kizuri cha bluu iliyokolea. Tulipita kipande cha vumbi baada ya Uvinza, tukavuka Malagarasi, tukaingia msitu wa miombo kuelekea Kaliua. Mbung'o wakaja. Si mmoja wawili. Walikuja kama waliotumiwa mwaliko. Wanapenya kwenye nguo, na ukimpiga kofi anaruka, anatua pengine. Tukafunga vioo, joto likatushinda, tukafungua, wakaingia tena.

Tuliposimama kwenye kijiji kimoja, mzee aliyekuwa akikarabati mzinga wa nyuki alicheka mpaka akakaa chini. Mitego ya mbung'o wanayotundika porini, alisema, ni vitambaa vya bluu na nyeusi. Sisi tulikuwa tumetundika mitego minne na kujifungia ndani yake.

Kilichomuuma Sista si mbung'o. Alikuwa amehudumia wagonjwa wa malale, na mitego ile aliifahamu vizuri. "Nilikuwa naijua kazini," alisema, "sikuijua nyumbani." Mapazia tuliyavua tukayakunja chini ya godoro, na Urambo tukanunua khanga za rangi ya maziwa.

3. Anza na mwenyekiti

Wastaafu wa Ulaya wana viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya magari ya aina hii. Sisi tuna mwenyekiti wa kitongoji. Ukifika mahali jioni, usitafute mti mzuri ukaegesha. Ulizia kwa mwenyekiti, nenda ukajitambulishe, onyesha kitambulisho, sema unatoka wapi na unakwenda wapi. Gari lenye pazia lililolala kando ya kijiji bila taarifa linazua maneno, na maneno ya usiku ni mabaya.

Kila tulipojitambulisha, hatukulala porini. Tuliwekwa uani kwa watu, kwenye kiwanja cha zahanati, na siku moja nyuma ya ghala la tumbaku. Choo na maji ya kuoga tulipewa, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba choo ndani ya gari kingetunyima nusu ya safari, maana anayekuja kuomba choo lazima asalimie kwanza. Salamu zenyewe zinabadilika ukienda. Sisi wa Kigoma tumezoea kupiga makofi na kuulizana mpaka habari za mbuzi. Kuanzia Kaliua ni "Mwangaluka". Ukishuka Ugogoni ni "Mbukwenyi", na ukiitamka vizuri unapewa kigoda.

Walipojua kuna muuguzi ndani ya gari, foleni ilianza kabla ya chai. Sista alikuwa ameapa hatashika mgonjwa tena. Hakuwa na dawa, hakuandika cheti. Aliwasikiliza, akawaambia nani aende kituo cha afya leo na nani aache tu kunywa soda.

4. Futi nne ni kipimo cha ukweli

Hapa niseme bila kuzunguka. Tulikuwa hatujuani.

Tulikuwa na watoto watano, wajukuu, nyumba, shamba la michikichi, na kila mmoja alijua mshahara wa mwenzake hadi senti. Lakini sikujua kwamba Sista huamka saa tisa usiku na kukaa. Ni zamu ya usiku, imeganda mwilini mwake. Yeye hakujua kwamba mimi huongea peke yangu nikiwa natafuta kitu, kwa sauti ileile ya darasani. Kwenye nyumba ya vyumba vinne mambo hayo yanapotelea ukutani. Kwenye Hiace hakuna ukuta.

Tulikosana Urambo. Sababu ilikuwa kifuniko cha sufuria, na siioni aibu kuitaja kwa sababu kila ndoa ina kifuniko chake. Alihamia kiti cha mbele na mto wake, nami nikalala chali kwenye kitanda kizima nikikodolea macho bati la gari. Saa tisa nikasikia ameamka. Ingekuwa enzi za Kibondo ningejua wiki mbili baadaye kwa barua, au nisingejua. Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikampelekea kikombe pale mbele. Hakusema kitu, nami sikusema. Tulikunywa chai gizani hadi jogoo wa kwanza.

Tangu hapo saa tisa ikawa saa ya chai. Mpaka leo.

5. Kwihara: mzigo una mwenyewe

Nje kidogo ya Tabora lipo tembe la Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwanzoni mwa 1872 kabla hawajaachana. Watu wengi hupiga picha ya mlango wakaondoka. Mimi nilikuwa nikifikiria waliopita hapo baadaye, mwishoni mwa 1873: Chuma, Susi na wenzao, waliokuwa watumishi wa Livingstone, wakiwa na mwili wake walioutoa mbali kusini, nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo walikutana na msafara wa Kiingereza wa Luteni Cameron, naye akawashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Februari 1874 wakamfikisha Bagamoyo.

Wapagazi wa kawaida, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi. Mimi nilikuwa nimelalamika mgongo kwa sababu ya kiti cha dereva.

6. Majani mekundu ya kwetu

Baada ya Tabora, kuelekea Nyahua na Chaya, Sista aliniambia nisimamishe gari. Nilidhani ni haja ndogo. Alikuwa anatazama juu.

Msitu mzima ulikuwa mwekundu. Mitundu na miyombo, mingine rangi ya shaba, mingine kama divai, mingine waridi, na jua la saa kumi linapita katikati. Nilifundisha jiografia miaka yote hiyo na nikawaandikia watoto kwamba nchi za baridi majani hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Haya ya kwetu nilikuwa nimeyaona kila mwaka kutoka dirishani mwa basi na sikuwahi kuyatia ubaoni. Miombo hupukutisha majani yake kiangazi, kisha wiki kadhaa kabla ya mvua, ardhi ikiwa kavu kama kigae, huchipua mapya, na mapya ndiyo mekundu. Yakikua huwa kijani.

"Kwa hiyo ya Wajerumani ni ya mwisho," Sista akasema, "na haya ni machanga."

Nikamwambia ndiyo. Tulitandika mkeka chini, tukala ugali wa muhogo na migebuka ya kukausha tuliyotoka nayo nyumbani, na siku hiyo hatukusogea tena.

7. Dumu la maji si la kunywa tu

Kati ya Chaya na Itigi rejeta ilianza kuvuja tena. Fundi wa kwanza, huko tulikotoka, alikuwa ameiziba kwa sabuni ya kipande na kunihakikishia nitafika Bagamoyo. Sabuni ilifika vichaka vya Itigi. Tukamimina maji, tukaenda kilomita kumi, tukamimina. Chukua madumu matatu. Na ujue kuchomoa na kuvalisha tairi la spea mwenyewe kabla hujaondoka, maana nilidhani najua.

8. Acha kituo kimoja

Kilimatinde tulisimama ukingoni, nchi inapodondoka kuingia Bonde la Ufa na Bahi kule chini. Mpwapwa niliingia chuo cha ualimu nilikosoma, nikaonyesha bweni, kisha nikagundua silo. Mamboya hatukwenda. Ipo ndani, milimani, na rejeta ile sikuiamini. Nilinung'unika hadi Gairo. Sista akasema kituo ulichokiacha ndicho kitakachokufanya ulitunze gari. Karibu na Morogoro treni ya umeme ilitupita kama mtu aliyekasirika, sisi tukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa kwa hofu ya tochi ya trafiki.

9. Chumvi na bahari

Uvinza, mwanzoni mwa safari, nilinunua chumvi, mfuko wa kilo mbili. Chemchemi za pale zimechemshwa chumvi tangu kale, na wasafiri wa misafara waliibeba kwenda kuuzia kwingine. Nilitaka kumfikishia mtu wa pwani chumvi ya bara, kwa heshima ya historia.

Bagamoyo, nyuma ya mji, kuna mashamba ya chumvi ya bahari yanayometa jua likiwa kali. Mama tuliyefikia uani kwake aliupokea mfuko kwa adabu, akauweka juu ya meza, na asubuhi akaurudisha pamoja na mkate wa ufuta, akisema ni mzigo mzito kwetu kuuacha.

Siku hiyo tulikwenda misheni, kwenye mnara ulikolazwa mwili wa Livingstone usiku mmoja, kisha tukashuka ufukweni. Sista hakuwa amewahi kuiona bahari. Ziwa letu lina ng'ambo; siku nzuri unaiona milima ya Kongo. Hapa alitafuta ng'ambo, akakosa, akasimama muda mrefu kanga imelowa hadi magotini. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu waliofikishwa hapa wakiwa wamefungwa minyororo, na majahazi ya kwenda Unguja. Aliniinulia mkono ninyamaze. Nafikiri alikuwa ameshawaona.

10. Kurudi kuna njia yake

Tulirudi taratibu, mwanzoni mwa Novemba, mvua ikitufukuza kwa nyuma. Misitu ya Kaliua ilikuwa ya kijani, kana kwamba haikuwahi kuwa na rangi nyingine. Mapazia ya bluu yalikuwa bado chini ya godoro.

Uvinza kijana mmoja alikimbilia dirishani. "Mzee, chumvi! Chumvi safi ya Uvinza!"

Nikamwonyesha mfuko wangu wa kilo mbili, umechakaa pembe zote. Akaushika, akaupima kwa mkono, akaonja.

"Hii umeitoa wapi, mzee?"

"Bagamoyo," Sista akajibu kabla sijafungua mdomo.

Kijana akatikisa kichwa kwa huruma. "Ya pwani haikolei," akasema, na tukanunua ya kwake.